Chakula cha Mzee Mstaafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyaokota barazani. Kila Alhamisi wazee wastaafu wa mtaa wetu wa Walukuba, hapa Jinja, Uganda, hukutana chini ya mwembe: waliokuwa reli, waliokuwa kiwanda cha nguo, waliokuwa jeshini, na wajane wao. Mtaa ulijengwa kwa wafanyakazi waliotoka kila pembe, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kujifunza lugha ya jirani yake, Kiswahili kikatuokoa. Mimi nilikuwa muuguzi. Siku hizi napika uji wa baraza na kujibu yale yale kila wiki, kwa hiyo nimeyaandika. Mwenye ugonjwa wake maalumu asome sehemu ya magonjwa kwanza, kisha akazungumze na anayemtibu.

## Mambo ya msingi

1. Nimezeeka, sifanyi kazi nzito. Si ninahitaji chakula kidogo tu?

Wanga, ndiyo. Mtu asiyelima wala kubeba magunia hana haja ya posho ya mtu anayelima. Lakini misuli huyeyuka polepole kadiri miaka inavyokwenda, na mwili wa mzee hutumia protini kwa uvivu kuliko wa kijana, kwa hiyo hitaji la protini linapanda. Mifupa inadai kalsiamu. Tumbo nalo huanza kunyonya vitamini B12 kwa shida, na vitamini hiyo hutoka kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa.

Nimetazama sahani nyingi za wazee wa mtaa huu, na karibu zote zinafanana: kilima cha chakula na kijiko cha mchuzi. Mzee anaanza kupanda kilima, anashiba akiwa katikati, mchuzi unabaki. Mengi nitakayosema huko chini yanarudi hapa. Anza na kitoweo, kilima kifuate.

2. Protini kiasi gani? Na nitapimaje bila mizani?

Wataalamu wa lishe ya wazee wanataja gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60 anatafuta gramu 60 hadi 72. Sisi barazani tunahesabu kwa vyombo na viganja. Yai moja ni gramu 6 hivi. Glasi ya maziwa au ya bongo (maziwa ya mgando) ni 8. Kikombe cha maharage yaliyoiva ni 15. Konzi ya karanga ni 7, na konzi nzuri ya mukene (dagaa) mkavu, gramu 30 hivi, ni kama 17.

Sasa jumlisha: yai asubuhi, kikombe cha maharage mchana, mukene jioni, glasi mbili za maziwa kati yake. Umefika 54, na zilizobaki utazipata kwenye binyebwa (mchuzi wa karanga za kusaga) na kwenye nafaka yenyewe. Hapo hakuna kuku wala mbuzi aliyekufa. Ila usile protini yote kwa mlo mmoja wa Jumapili. Igawe asubuhi, mchana na jioni. Mwenye ugonjwa wa figo asitumie hesabu hii, asome swali la 14.

3. Sisikii kiu. Ni lazima ninywe maji?

Lazima, kwa sababu kiu yenyewe huzeeka. Mwili unakauka na mtu hana habari. Lenga glasi 6 hadi 8 kwa siku, ukihesabu chai, uji na mchuzi. Mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Wengi hawanywi kwa kuogopa kuamka usiku kwenda chooni gizani, na ninawaelewa, kwa hiyo kunywa sehemu kubwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Mzee aliyeanza ghafla kuropoka na kutotambua watu, mpelekeni kituo cha afya kabla ya kutafuta aliyemroga. Nimeona zaidi ya mmoja aliyekuwa na upungufu wa maji tu. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu afuate kipimo alichopewa na daktari.

4. Chumvi je?

Shirika la Afya Duniani linasema chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kisichojaa, kwa kila kitu utakachokula siku hiyo. Ndani yake kuna chumvi ya samaki mkavu na ya vile vipande vya kukolezea mchuzi ambavyo watu hawavihesabu. Ulimi wa mzee hupungua ukali, ndiyo maana anaongeza mezani. Mpe tangawizi, kitunguu, nyanya, ndimu. Na chumvi ya Katwe, ile ya ziwani, si "ya asili kwa hiyo haina neno". Sodiamu ni ile ile, na ile ya pakiti angalau imetiwa madini joto.

## Sahani yenyewe

5. Matooke, posho au kalo: kipi kinamfaa mzee?

Matooke, yaani ndizi za kupika, ni laini, yanapita hata pasipo na jino, lakini yana protini kama gramu 1 tu katika kila gramu 100. Posho nyeupe, yaani ugali wa mahindi, imekobolewa, pumba zimekwenda na sehemu kubwa ya vitamini zake. Ninayoipigia debe ni kalo, yaani ugali wa wimbi, ile ambayo Waiteso wanaiita atapa. Wimbi lina kalsiamu kuzidi nafaka nyingine tunazopika, takriban miligramu 340 katika gramu 100. Uji wake ndio tunaokunywa Alhamisi.

Usisahau kiazi kitamu cha rangi ya chungwa. Kina vitamini A ambayo kiazi cheupe hakina, na macho ya mzee yanaihitaji. Mwanasayansi wetu Robert Mwanga alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya viazi hivyo. Barazani watu walicheka kusikia mtu ametunukiwa kwa sababu ya kiazi, kisha wakaomba mbegu.

6. Mukene si chakula cha kuku?

Hili swali linaniudhi, nitalijibu kwa kirefu. Masese iko pua na mdomo na sisi, mukene unashushwa hapo, nasi tunauacha uende kwenye viwanda vya chakula cha mifugo huku tukimnunulia mzee mkate mweupe. Zaidi ya nusu ya uzito wa mukene mkavu ni protini. Kwa kuwa unaliwa mzima, kichwa na mifupa, unaleta kalsiamu ambayo minofu ya mputa (sangara) haina. Na B12 ya swali la 1 imo humo.

Kinachowafukuza watu ni mchanga, na wana haki. Mukene ulioanikwa chini unabeba ufuko mzima. Uliza ulioanikwa kwenye nyavu au vichanja. Ni ghali kidogo lakini huli mawe. Uchambue, uoshe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, mwaga maji taratibu ili mchanga ubaki chini. Kaanga bila mafuta mpaka unukie, kisha twanga. Unga huo tia kijiko kwenye binyebwa, kwenye maharage, hata kwenye uji wa chumvi. Asiye na meno hana kisingizio tena. Mwenye gauti (ugonjwa wa maumivu ya viungo) tu ndiye apunguze, kwa sababu samaki hawa wadogo huweza kuamsha maumivu, kama nyama ya viungo vya ndani na bia.

7. Mboga zipi?

Nakati, dodo, bbugga, sukuma, malakwang kwa watu wa kaskazini. Zipikwe kwa muda mfupi na mafuta kidogo, maana vitamini A ya mboga huingia mwilini ikiwa na mafuta. Gunia moja la udongo nje ya mlango linatosha kumlisha mzee mmoja dodo.

8. Chai ya maziwa mara tano kwa siku ni kosa?

Maziwa si kosa. Kosa ni mambo mawili. La kwanza, majani ya chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma ya maharage na mboga, kwa hiyo subiri saa moja ipite baada ya mlo ndipo uinywe. La pili ni sukari. Vijiko vitatu mara vikombe vitano ni vijiko 15, karibu gramu 60, na kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani halitaki mtu mzima wa kawaida avuke ni kama gramu 50 kwa siku nzima, soda na mandazi vikiwemo. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi hautagundua.

## Meno, hamu na uzito

9. Jaja (bibi) hana meno. Anakunywa uji tu.

Uji wa maji na sukari ni kinywaji, haujawa mlo. Upike kwa maziwa, au koroga ndani yake karanga zilizosagwa au odii ya simsim (ufuta uliosagwa). Mbali na uji, luwombo ilibuniwa kana kwamba walimfikiria yeye: nyama au samaki ndani ya jani la mgomba, saa kadhaa za mvuke, hadi inaachana yenyewe. Maharage yapondwe baada ya kuiva. Yai livurugwe. Ovakado na papai lililoiva sana havihitaji jino. Na kama ana meno ya bandia yanayomuumiza, yarekebishwe; mengi yanalala kwenye glasi kwa sababu taya limesinyaa.

10. Mama amekonda sana. Si ni uzee?

Hapana. Uzee haumkondeshi mtu kilo 3 kwa mwezi. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 3 kwa mwezi mmoja, au kilo 6 kwa miezi 6, bila kukusudia, anahitaji kuchunguzwa. Huenda ni kifua kikuu, kisukari, saratani, meno, huzuni, au dawa inayomwondolea hamu. Pasipo mizani tazama gomesi, gauni lake, inavyoning'inia na pete inavyozunguka kidoleni. Jirani yangu, askari mstaafu, alitoboa mkanda wake matundu matatu mapya ndani ya mwaka huku wanawe wakisema baba anapendeza, amepunguza tumbo. Alikuwa na kifua kikuu.

Kwa umri huu naogopa kukonda kuliko kunenepa. Mzee mnene kidogo anayetembea sokoni simsumbui.

11. Analishwa vizuri, lakini chakula anawapa wajukuu.

Hii ni Uganda, bibi wengi wanalea. Ukimwambia asiwape, atakudanganya. Njia iliyotufaa sisi ni kupika cha watoto cha kutosha na kuwapakulia wao kwanza, yeye akiona; akishajua wameshiba, anakula. Yai lake lipondwe ndani ya chakula chake mapema, lisikae juu kama zawadi ya kugawa.

Anayeishi peke yake ana shida iliyo kinyume. Hakuna wa kumpikia, hivyo haoni sababu ya kuwasha sigiri kwa ajili ya mdomo mmoja. Anakunywa chai na mkate, siku imekwisha. Wajane wanne wa hapa walianza kupika kwa zamu, kila mmoja siku yake, sufuria moja. Nimewapima: watatu wameongezeka uzito. Wa nne anasema wenzake hawajui kupika.

12. Anakohoa kila anapokula.

Akae wima, matonge madogo, asiongee mdomo umejaa, na asilale mpaka nusu saa ipite. Maji matupu humpalia kuliko uji mzito. Ikiwa alipata kiharusi au kikohozi kimeanza karibuni, aende hospitali, kwa sababu chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni.

## Magonjwa na dawa

13. Nina kisukari. Niache matooke?

Usiache, pima. Kiasi cha ngumi yako moja kwa mlo, na kiwe chakula cha aina moja. Sisi Waganda tuna desturi ya "chakula chote": matooke, wali, posho, kiazi kitamu na kiazi ulaya kwenye sahani moja, kisha tunauliza sukari imepanda kwa nini. Anza na mboga na maharage, wanga uje mwisho. Juisi, hata ya pasheni uliyoikamua mwenyewe, ni sukari. Asali na sukari guru pia. Na ukishajidunga insulini au kumeza vidonge vya kushusha sukari kama glibenclamide, usiruke mlo. Sukari inayoshuka ghafla inaua haraka kuliko inayopanda.

14. Daktari wa figo amenikataza ndizi na amepunguza nyama. Nyie mnasema tofauti.

Msikilize yeye. Figo iliyochoka haiwezi kutoa potasiamu, na matooke, ovakado na nyanya vimejaa potasiamu. Ukiruhusiwa kula matooke mara chache, yamenye, yakate vipande, yachemshe kwenye maji mengi na uyamwage. Ya kuvukizwa kwenye majani hubaki na potasiamu yake. Kuwa mwangalifu pia na "chumvi ya wenye presha" ya dukani, maana nyingi hutengenezwa kwa potasiamu.

15. Katunkuma inashusha presha?

Ni mboga nzuri, chungu, haina mafuta, kula. Lakini kidonge usiache. Niliowaona wakibadilisha kidonge kwa katunkuma walirudi na upande mmoja wa mwili usiosikia.

16. Dawa zipi zinagombana na chakula?

Za kuangalia zaidi hapa kwetu ni hizi. Dawa za ARV zenye dolutegravir hazipendi vidonge vya kalsiamu au vya chuma tumbo likiwa tupu: vimeze pamoja na chakula, au umeze ARV saa 2 kabla ya vidonge hivyo au saa 6 baada yake. Metformin, dawa ya kisukari, ikitumika miaka mingi hupunguza B12, kwa hiyo miguu ikianza kufa ganzi mwambie daktari, si lazima iwe kisukari chenyewe. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, haachi nakati na dodo. Anakula kiasi kile kile kila wiki ili kipimo cha damu kisiyumbe. Vidonge vya chuma visimezwe na chai, sababu iko swali la 8.

17. Mgonjwa tumletee glukosi ya unga?

Ni sukari. Mleteeni mayai.

## Pesa, nyumba za wazee na wauzaji

18. Elfu 25 za SAGE zinatosha nini?

SAGE, ruzuku ya serikali kwa wenye miaka 80 na zaidi imekuwa shilingi 25,000 kwa mwezi, na mara nyingi hulipwa ya miezi kadhaa kwa pamoja. Haitoshi kulisha mtu. Kwa hiyo itumike pale ambapo shamba na watoto hawafiki: mukene, karanga, maharage makavu ambayo hayaozi, na trei ya mayai mkigawana na jirani. Mihogo na ndizi mara nyingi vitapatikana kwa njia nyingine. Nimeona fedha hiyo ikinunua soda kreti nzima siku ya malipo, na sikusema kitu, ilikuwa yake.

19. Tunasimamia nyumba ya wazee. Tupangeje milo?

Nyumba hizi ni chache nchini. Inayojulikana zaidi ni ya Bakateyamba kule Nalukolongo, Kampala, ambayo Papa Fransisko aliitembelea Novemba 2015. Nilizopata kuzitembelea, jikoni kwake kulinikumbusha shule ya bweni: posho na maharage, Jumatatu hadi Jumatatu. Mzee hana likizo ya kwenda kula nyumbani.

Kwanza tazameni saa. Chakula cha jioni saa kumi na moja na chai saa mbili asubuhi ni saa 15 tumbo tupu. Wekeni uji wa maziwa saa mbili usiku. Pimeni uzito wa kila mmoja kila mwezi na muandike (swali la 10 linaeleza kwa nini). Ulizeni kila mtu alikulia chakula gani. Mzee wa Gulu aliyelishwa matooke mwaka mzima hana ugonjwa wa kukosa hamu, anataka malakwang yenye odii. Na wawe wanakula mezani, pamoja, wakiwa wamevaa. Sahani ya kupelekewa kitandani ni ya mgonjwa tu.

20. Watu wamekuja na mashine, unashika chuma, inasema mwili umekosa nini, kisha wanauza vidonge.

Mimi pia niliishika. Ilinipa upungufu wa madini kumi na mawili. Aliyenifuata alipewa orodha ile ile. Pesa ya kopo moja la vidonge vile inanunua mukene wa miezi.

## Maswali ya pembeni

21. Mzee mwenye kisukari anataka kufunga Ramadhani.

Aongee na daktari wiki kadhaa kabla, kwa sababu dawa hubadilishwa saa na kiasi. Akiambiwa hawezi, dini imempa njia: aya ya 184 ya Suratul Baqara imetaja fidia ya kumlisha maskini. Masheikh wa mtaa husaidia sana hapa, mzee huwasikia kuliko wauguzi. Anayefunga asiache daku, na iwe na maharage au mayai, si chai peke yake.

22. Malwa (pombe ya wimbi inywewayo kwa mrija) kidogo jioni?

Kama hana ugonjwa wa ini, hana gauti, hatumii insulini wala dawa za usingizi, na hatembei gizani kurudi, sitagombana na mrija wake. Waragi, ile pombe kali, ni habari nyingine, naikataa.

23. Karanga zina ukungu kidogo. Nikizikaanga si zinafaa?

Hazifai. Sumu ya ukungu huo, aflatoksini, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na huharibu ini. Chagua, tupa zilizosinyaa na zilizobadilika rangi, na usinunue binyebwa iliyokwisha kusagwa kama humjui aliyesaga.

Unga wa mhogo mchungu nao una kanuni yake: mihogo ilowekwe siku kadhaa na ikauke kabisa ndipo isagwe. Septemba 2017 huko Kasese watu 98 waliugua baada ya kula mhogo wenye sumu yake, sianidi, kwenye mazishi, wawili wakafa. Njaa ikibana watu huharakisha kuanika, na wa kwanza kudhurika ni mtoto na mzee.

24. Mama mkwe hali kuku wala mayai. Anasema kwao mwanamke haruhusiwi.

Miongoni mwa watu wa Buganda wa zamani ndivyo ilivyokuwa: kuku, mayai na kondoo havikuwa vya wanawake, na mabibi wa umri wake wengi hawajawahi kuonja. Juu ya hilo kuna miziro ya ukoo. Mtu wa Mmamba hali kambare mamba, mtu wa Butiko hali uyoga. Usimfiche yai kwenye mchuzi. Akigundua, hatakula tena chochote kilichotoka jikoni kwako. Rudi swali la 2, toa yai kwenye hesabu, weka glasi moja zaidi ya maziwa au konzi ya karanga. Na mara mojamoja muulize mwenyewe: mmoja wa barazani kwetu alionja yai akiwa na miaka 81, akanyamaza kwa muda, kisha akauliza ni lini hasa wanaume walikubaliana kulificha.